Bonde Lililoandikwa Tupu

Kigingi kilikuwa juu ya meza ya chakula, katikati ya chupa ya chai na bakuli la sukari, na udongo wake mwekundu ulikuwa unamwagika taratibu kwenye kitambaa cheupe. Kaka mtu ndiye aliyekiweka pale. Alikuwa amekibeba ndani ya gunia tangu milimani, amekipakata kwenye basi kama mtoto mgonjwa, na dada yake alipomfungulia mlango hata salamu hakuimaliza.

"Hiki hapa," alisema. "Nimekung'olea kimoja ukione. Vingine bado vimesimama shambani kwa baba."

Kilikuwa kigingi cha mbao, kimechongwa ncha, kichwani kimepakwa rangi nyeupe. Mama Pacha, ndiye huyo dada, alibaki amesimama na vikombe mkononi. Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa kwenye kochi anavua soksi. Akaiacha moja mguuni.

"Nani kavichomeka?" aliuliza Mama Pacha.

"Watu wa mradi wa miti. Wamekuja na gari, wamekuja na simu pana kama sinia. Wakanionyesha ramani humo ndani. Msitu kijani, mto bluu, sisi kijivu. Nikauliza, kijivu ndiyo nini? Mmoja wao akaniambia, mzee, kijivu ni ardhi tupu, haina kitu. Mvua zikianza, ardhi tupu yote ya bonde hili inapandwa miti." Akamkazia macho dada yake. "Nikauliza nani kasema ni tupu. Akaniambia imeonekana kutoka angani, ikahakikiwa na wataalamu. Akaitaja ofisi. Ofisi yako, mdogo wangu. Nikamwambia, huyo mtaalamu namfahamu, nimembeba mgongoni."

Vikombe vilitua mezani kwa kishindo. Kimoja kikapoteza mkono.

Sasa, ili umwelewe mwanamke huyu na hasira zake, inabidi nikurudishe nyuma kidogo. Hakuzaliwa na kompyuta kitandani. Alizaliwa kwenye bonde hilohilo, akalima matuta hayohayo, na kazi yake ya kwanza mjini ilikuwa kwenye studio ya picha, kusafisha nyuso za watu. Unakwenda kupiga picha ya kitambulisho, una chunusi, una kovu, yeye anakaa na kompyuta anakupangusa. Alikuwa na jicho. Ila alikuwa na mdomo pia. Siku moja mama mmoja alimwambia amwondolee mikunjo yote ya uso, akamjibu, "Nikiitoa yote, utakapokwenda watakwambia kitambulisho ni cha binti yako." Mteja akanuna, mwenye studio akanuna, na Mama Pacha akaona bora akasome. Akasoma mambo ya ramani jioni baada ya kazi, huku amewabeba wale pacha tumboni, na alipomaliza akapata nafasi kwenye ofisi ambayo kaka yake alikuwa akiitaja kama mtu anayetema mbegu.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya juu, juu ya duka la magodoro. Mapazia hayafunguliwi, maana jua likiingia picha hazionekani vizuri kwenye skrini. Basi watu wale wanakaa humo gizani mchana kutwa, wanaiona dunia nzima isipokuwa barabara iliyo chini ya dirisha lao. Kazi yao ni hii: satelaiti za nchi mbalimbali hupita juu yetu na kupiga picha, zinarudi, zinapita tena. Mashirika ya mataifa mengi yamekubaliana kuzitumia picha hizo kuchora ramani moja ya dunia nzima, ionyeshe ardhi imefunikwa na nini: hapa msitu, hapa nyasi, hapa mazao, hapa maji, hapa majengo, hapa ardhi tupu. Rangi zilezile, maana zilezile, kila nchi. Ni jambo jema, na Mama Pacha aliliamini. Msitu ukifyekwa, inaonekana. Mto ukihama, inaonekana. Alikuwa akirudi nyumbani anawasimulia wanawe kama aliyekwenda mwezini akarudi na basi la jioni.

Mashine ndiyo inayopaka rangi nchi nzima, lakini mashine haijui kitu mpaka ifundishwe. Ndipo wanapoingia wasoma picha kama yeye. Wanapewa vipande vya ardhi, kimoja kimoja, wanakodoa macho, wanasema hiki ni mazao, hiki ni vichaka, wanafunga. Mashine inachukua mfano huo, na kila inapokutana na kitu kinachofanana nao inakipaka rangi ileile. Kwa hiyo msoma picha akikosea kipande kimoja, hajakosea kimoja.

Na walikuwa na sheria moja waliyoiheshimu kuliko zote: msoma picha hasomi kwao. Kipande cha nyumbani kwako kikikuangukia, unampa mwenzako wa meza ya jirani, na humwambii kitu. Sababu ilikuwa nzuri. Mtu akiona kwao haoni picha, anaona anachokijua. Anaona mti wa shangazi ambao ulikatwa zamani. Kulikuwa na mwenzao mmoja aliyekisoma kijiji chao akakipaka majengo mpaka kikafanana na mji mkuu. Walimcheka mwaka mzima. Mama Pacha ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni sheria hiyo, kidole juu, sauti kama ya mwalimu wa zamu.

Sasa sikia kilichotokea, miezi kadhaa kabla ya kigingi.

Meza ya pembeni yake alikaa kijana mmoja mwembamba waliyemwita Darubini, kwa sababu alikuwa msoma picha bora kuliko wote. Siku hiyo Darubini aligeuza kiti chake.

"Dada, hebu niazime jicho. Hii mistari ni matuta ya shamba au ni maji yamekwangua udongo?"

Mama Pacha akainama kutazama. Aliona mto unavyopinda kama kiwiko. Aliona bati la shule.

"Usiniulize mimi! Hapo ni kwetu."

"Kwenu? Aa, basi funga macho, usije ukaniambukiza."

Chumba kizima kikacheka. Naye, kwa mbwembwe zake, akageuza kiti kikatazama ukuta, akaziba macho kwa viganja viwili kama mtoto anayehesabu wenzake wakajifiche. "Nimefumba!" akasema. "Soma, baba, usome kwa haki." Darubini akatazama picha. Ilikuwa picha safi, ya kiangazi, haina wingu hata moja. Picha za masika walikuwa nazo, ila zilijaa mawingu, na ofisini ziliitwa picha chafu. Zilitupwa kando bila kufunguliwa. Kwenye picha safi, bonde lilikuwa limeshavunwa, udongo uko uchi, unang'aa. Darubini akabonyeza: ardhi tupu. Akafunga.

"Tayari, fumbua macho," alisema, na watu wakapiga makofi.

Ndiyo hayo makofi aliyoyasikia tena Mama Pacha siku ile mezani, kigingi kiko mbele yake.

"Ulikuwa wapi wanatuandika hivyo?" kaka yake aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo?"

"Niligeukia ukutani."

Kaka mtu akamtazama shemeji yake, kama anayeomba kutafsiriwa. Fundi friji akaangalia mguu wake wenye soksi.

"Kaka, ni sheria. Haturuhusiwi kusoma kwetu, hatuwezi kumwelekeza mtu..."

"Sheria!" Mzee yule alipiga meza hadi kigingi kikaruka. "Hospitalini daktari hampasui mamake, sawa, nimeelewa. Lakini akimwona mwenzake anakata mguu usio mgonjwa, atageukia ukutani? Atasema, nimefumba?"

"Shemeji, tuliza moyo," alisema fundi friji. "Kunywa kwanza chai."

"Chai yenu siinywi. Nitainywa hilo bonde likirudi kuwa shamba."

Na kweli hakuinywa. Alilala kwenye kochi na njaa yake, na asubuhi akaondoka na basi la kwanza. Kigingi akakiacha, akasema si chake.

Mama Pacha aliingia ofisini hajachana nywele. Mkuu wa kitengo alikuwa anafungua barua pepe. Huyu mkuu walimwita Asilimia, maana hakuna swali ulilomuuliza asikujibu kwa asilimia. Ukimuuliza mkewe anaendeleaje, atakwambia amepona kwa asilimia tisini.

"Mkuu, ile ramani ya majaribio imetolewa nje?"

"Tumewapa wizara, ndiyo. Na wadau. Mwisho wa mwezi tunaifunga yenyewe, tunawakabidhi washirika."

"Watu wa miti wanapigilia vigingi kwenye mashamba ya watu kwa ramani ile."

"Ramani ile ina usahihi wa asilimia themanini na kitu," alisema Asilimia, hata macho hakuinua. "Dunia nzima hakuna yenye mia."

"Na hizo zinazobaki?"

"Zinazobaki nini?"

"Zinazobaki wanaishi watu! Kaka yangu anaishi humo! Mahindi yake yamo humo kwenye hizo asilimia zako zinazobaki!"

Hapo Asilimia akainua macho, akavua miwani. "Kwa hiyo unazungumzia kwenu."

"Ndiyo, nazungumzia kwetu."

"Basi huna la kuzungumza. Sheria unaijua, wewe ndiye unayewafundisha wenzako."

"Mkuu, watu wanapoteza shamba."

"Sisi hatuchukui shamba la mtu. Sisi tunasema kinachoonekana. Mtu akiitumia ramani yangu kufunika sufuria, nitamlaumu mchoraji?" Akavaa miwani. "Kipande anakifungua aliyekifunga. Wewe hukukifunga. Nenda kakae."

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililomchoma. Kwa mpango wao, aliyefunga kipande ndiye pekee anayeweza kukifungua tena, kwa ushahidi. Na kikifunguliwa, ukurasa mzima wa ramani wenye kipande hicho unasimamishwa, unawaka wekundu kwenye skrini za washirika wote, hadi za ng'ambo ya bahari, mpaka ubishi uishe. Ndiyo maana hakuna aliyefungua. Ukifungua kipande, umemwamsha kila mtu.

Alitoka kwa mkuu akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Darubini. Na hapa, kusema kweli, mdomo wake ulimponza. Angeweza kuomba. Yeye alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Darubini nzima, matuta huyaoni! Mtu mzima, matuta! Hata mwanangu anayejua kuchora nyumba na jua angeyaona. Umezoea kusifiwa mpaka umepofuka. Fungua kile kipande."

Vidole vikasimama kwenye kibodi zote. Darubini alipangusa skrini yake kwa kitambaa, pole pole, kona hadi kona.

"Nilikuuliza," alisema. "Hapa hapa. Nikasema, dada, niazime jicho."

"Sikuruhusiwa!"

"Uliziba macho ukacheka. Leo shamba la kaka yako limeguswa, mpofu ni mimi."

"Fungua kipande."

"Nitafungua. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu kwanza, kwa kuwa leo ni siku ya kuonyeshana." Akabonyeza. Ukurasa wa milimani ukajaa skrini yake. Kulikuwa na bonde lao, kijivu. Na ng'ambo ya mlima kulikuwa na bonde jingine, kijivu vilevile. "Hili la huku ni kwenu. Hili la pili si kwenu, kwa hiyo hukuugeukia ukuta. Soma hapo chini, nani kalifunga?"

Hakuwa na haja ya kusoma. Alama yake ilikuwa pale. Alilifunga yeye, wiki ileile, kwa picha ileile safi, pengine akiwa bado anacheka. Ardhi tupu.

"Huko hakuna matuta?" Darubini aliuliza. "Au watu wa ng'ambo wao hawalimi?"

Wanalima. Alikuwa anawajua. Utotoni walikuwa wakirushiana mawe nao mtoni, na baba yake alikwenda kaburini akiwatuhumu kuhamisha mpaka. Alijua wanalima nini na wanavuna lini, na bado jicho lake lilipita juu yao kama kitambaa kile cha Darubini juu ya kioo.

"Kwa hiyo kilichokukasirisha si kosa," Darubini alimalizia. "Kilichokukasirisha ni anwani."

Mama Pacha alikwenda kwenye ngazi za nyuma, zile zinazoshukia stoo ya magodoro, akapiga ukuta kwa ngumi mpaka mpagazi mmoja huko chini akauliza kuna nini. Hasira zake zilikuwa zilezile, tena zimeongezeka, ila zilikuwa zimekosa pa kwenda. Alikuwa amezipeleka kwa Asilimia zikarudi, kwa Darubini zikarudi, na sasa zimemkalia yeye mwenyewe kifuani kama mgeni asiyeaga.

Aliporudi hakuomba radhi. Si mtu wa hivyo. Alivuta kiti chake akakisogeza karibu na cha Darubini.

"Ushahidi tutautoa wapi?" aliuliza.

"Wewe na nani?"

"Mimi langu, wewe lako. Usinifanye niseme tafadhali."

Darubini akaguna. "Uliniita mpofu mbele za watu."

"Nitakuita vibaya zaidi ukichelewa. Ushahidi wapi?"

"Kwenye picha chafu," alisema. "Mawingu hayazibi kila mahali kila siku. Lazima kuna siku yametoboka."

Basi wakaanza kufungua zile picha zilizotupwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuokota mchanga kwenye mchele. Picha inafunguka, ni pamba tupu, nyeupe ukingo hadi ukingo. Nyingine, pamba. Nyingine, wingu limekaa juu ya bonde kama kwa makusudi, huku milima ya pembeni iko wazi haina shida. "Toka hapo!" Mama Pacha akawa analitukana wingu. "Toka, mshenzi wewe, usimame kwenu!" Wenzao wakaanza kunung'unika, maana walijua kinachokuja: ukurasa ukisimama, vipande vyote vya kiangazi vitasomwa upya, na wao ndio watakaovisoma. Dada mmoja wa meza ya dirishani alisema waziwazi, "Kwa shamba la kaka yake mtu, sote tukose kupumzika?"

"Si shamba la kaka yangu peke yake," alijibu Mama Pacha bila kugeuka. "Na wewe kafungue za kwako uone ulichoandika."

Yule dada akasonya. Lakini baadaye kidogo, Mama Pacha alimsikia anabonyeza, anabonyeza, kisha anavuta kiti karibu na skrini.

Mchana ulipokaribia kwisha, Darubini alimgusa bega. Wingu lilikuwa limetoboka. Katikati ya masika, kwenye tundu lisilo pana kuliko kiganja pale kwenye skrini, bonde lake lilikuwa kijani, kijani cha mahindi yaliyopandwa kwa mstari, matuta yamejipanga kama uzi kwenye kitambaa. Kwenye picha nyingine, ya siku nyingine, tundu lilikuwa limehamia ng'ambo ya mlima. Kijani vilevile. Hata yale magomvi ya mpaka yalionekana: ukanda mwembamba usiolimwa na mtu, kila upande unauogopa.

Darubini alifungua kipande chake. Mama Pacha akafungua chake. Ukurasa wote wa milimani ukawaka wekundu.

Asilimia alitoka ofisini kwake kabla hata hawajainuka kwenye viti.

"Nani kafungua?"

"Mimi," walisema wote wawili.

"Kwa picha chafu? Mwongozo unasema picha yenye mawingu zaidi ya nusu haitumiki!"

"Mwongozo uliandikwa na watu ambao kwao mawingu na mahindi haviji msimu mmoja," alisema Mama Pacha. "Kwetu vinakuja pamoja. Kila mvua inapotulimisha, inatufunika. Satelaiti inatuona siku tulizokwisha vuna tu, halafu mnasema hatuna kitu."

"Hilo ungeliandika kwenye maoni, taratibu, tukalijadili mwakani!"

"Mwakani nitakuwa naandikia miti!"

Simu ya Asilimia ikaanza kulia ndani. Ikakata, ikalia tena. Washirika walikuwa wameuona wekundu. Mkuu alisimama pale mlangoni, shingo imevimba, na nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa asilimia ya kutaja.

"Wewe," alimwambia Darubini, "utabaki, utanisaidia kulielezea hili. Wewe," akamgeukia Mama Pacha, "umegusa ukurasa wa kwenu. Bonde la pili si kwenu, sawa, lakini ukurasa ni mmoja na kila mtu amesikia kelele zako asubuhi. Nenda likizo. Nitakuita."

"Lini?"

"Nikikuita utajua."

"Na ukurasa?"

"Umesimama, si ndicho ulichotaka? Watu wa miti wataandikiwa wasubiri. Mpaka lini, sijui. Ikiamuliwa ufungwe, utafungwa, na wewe hutakuwepo." Akaingia kupokea simu.

Mama Pacha alichukua mkoba wake. Darubini alimsindikiza hadi kwenye ngazi.

"Sikukufanyia wewe," alisema.

"Najua. Na mimi sikukusamehe."

"Sawa. Wakitaka kuufunga nitakupigia."

Alifika nyumbani jua bado lipo, akamkuta mumewe amefungua friji la mtu sebuleni, nati zimetapakaa sakafuni. Alimsimulia kwa maneno machache ya moto. Fundi alisikiliza, akasema jambo moja tu: "Mwambie kaka yako kabla hujapoa. Ukipoa utamwambia nusu."

Akapiga simu. Kaka mtu alipokea, upepo wa milimani unavuma nyuma yake.

"Wamesimamisha?" aliuliza.

"Wamesimamisha. Bonde letu, na la ng'ambo pia."

"Ng'ambo? Ng'ambo inatuhusu nini? Wale wezi wa mpaka?"

"Nao walikuwa wameandikwa tupu. Na kaka, haijaisha. Ukurasa unaweza kufungwa siku yoyote, na mimi nimetolewa ofisini. Watu wa miti wakirudi wasiwakute mmekaa majumbani. Nenda ng'ambo, uwaambie watu wa kule, mkae mashambani wote, pande zote mbili, wakute watu na majembe."

"Mimi? Niende kukaa na wale? Baba angefufuka anichape!"

"Afufuke basi, atusaidie kupiga kelele! Nenda."

"Wataniuliza nani kawaandika tupu. Niseme nini? Ofisi? Kule wanataka mtu."

Pale sakafuni mumewe alikuwa ameacha kukaza nati.

"Waambie ni mimi."

"Wewe ulituandika sisi, au wao?"

"Ninyi niliwageuzia mgongo. Wao niliwaandika kwa mkono wangu. Waambie hivyo."

"Watakutukana, mdogo wangu. Unawajua midomo yao."

"Wape namba yangu. Wasikutukane wewe."

Upepo ukavuma kwenye simu. "Hasira zangu na wewe hazijakwisha," alisema kaka mtu mwishowe.

"Na zangu bado. Nenda."

Akakata. Mama Pacha alikaa na simu mkononi, na fundi friji akamsogezea kikombe, akarudi kwenye nati zake. Kesho yake, mwanga wa jioni ulikuwa unapungua dirishani simu ilipolia, namba asiyoijua. Akapokea.

"Ndiye wewe?" iliuliza sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake sauti za watu wengi, kila mmoja anataka zamu yake. "Ndiye wewe binti wa upande ule, uliyesema sisi hatupo?"

"Ni mimi, mama," alisema, akavuta kiti, akakaa vizuri, na matusi yakaanza.